Nyaya Zote, Ardhi Moja: Namna ya Kulinda Vifaa vya Umeme na Mawasiliano Simiyu

Si lazima radi ipige paa lako ndipo ikutie hasara. Ikishuka kwenye laini ya umeme kilomita kadhaa nje ya Bariadi, nguvu yake hufuata waya mpaka kwenye soketi ya sebuleni, na kabla mlio wake haujakufikia, ruta, king'amuzi na kompyuta vimeshaungua. Wanaobeba hasara hiyo ni watu wa kawaida: mwenye steshenari aliyenunua mashine ya fotokopi kwa mkopo, mwalimu mkuu aliyehangaika miaka kupata kompyuta za shule, muuguzi wa zahanati ambaye chanjo za watoto wa kata nzima zinategemea friji moja.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye nyumba, duka au ofisi ya kuangalia katika Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega. Ukisoma ukasahau mengine yote, kumbuka hili: kinga ya vifaa haianzii kwenye ekstensheni ya dukani, inaanzia ardhini. Kila waya unaoingia ndani ya jengo, uwe wa umeme, wa dishi, wa intaneti au wa sola, ukutane na wenzake kwenye ardhi moja, pale pale unapoingilia. Vifaa vingine vyote tutakavyovitaja hufanya kazi vizuri kama hilo limefanyika, na huwa mapambo kama halijafanyika.

Kwa nini hapa kwetu hatari ni kubwa

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi, na dhoruba za ziwani hupenda kuibuka usiku, watu wakiwa wamelala na vifaa vikiwa vimechomekwa. Busega ipo ufukweni kabisa. Ukitoka huko kuelekea Bariadi, Itilima na Meatu, ardhi inafunguka kuwa mbuga zisizo na miti mirefu, na mara nyingi kilichosimama juu kuliko vyote ni nguzo ya umeme au mnara wa simu.

Umeme wenyewe hutufikia kwa laini ndefu za msongo wa kilovoti 33 zinazokatiza mbuga hizo. Laini ikiwa ndefu, kuna mahali pengi pa kupigwa na radi, pa kuangukiwa na tawi na pa kupata hitilafu, na msukosuko wa mahali pamoja huwafikia wateja walio mbali. Kisha kuna mitambo yetu wenyewe. Msimu wa pamba ukifunguliwa, viwanda vya kuchambua pamba huwasha na kuzima mota kubwa. Mashine za kusaga na kukoboa, pamoja na mafundi wa kuchomelea vyuma, hufanya hivyo mwaka mzima. Kila mota kubwa inapowaka, msongo hushuka. Inapozimwa, huweza kuruka juu kwa kitambo kidogo.

Isitoshe, mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 umebadilika. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa, zimeongezeka ofisi, benki, hospitali, nyumba za wageni na maduka, na kila jengo limejaa vifaa vyenye saketi ndogo ndogo zisizostahimili misukosuko. Balbu ya zamani ilivumilia mengi ambayo runinga ya leo haiwezi kuyavumilia.

Tambua hatari tatu, kwa maana dawa zake ni tofauti

Watu wengi husema tu kwamba umeme umekuja na nguvu. Fundi mzuri atataka kujua ulikuja vipi.

*Ya kwanza ni mpando wa kufumba na kufumbua.* Huu hutokana na radi, au na kuwashwa na kuzimwa kwa mitambo na laini. Hudumu kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde, lakini msongo wake huweza kufika maelfu ya volti. Sakiti breka haiwezi kukusaidia hapa. Breka huhitaji milisekunde kadhaa kukata, na mpando wa radi huwa umeingia, umeunguza na umeondoka kabla breka haijasogea. Dawa yake ni kifaa ambacho mafundi huita SPD, kinachofungwa kwenye meni swichi.

*Ya pili ni msongo mkubwa unaodumu.* Sababu yake mbaya kuliko zote ni kukatika au kulegea kwa waya wa nyutro kwenye nguzo. Umeme wetu ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, lakini kati ya fezi na fezi ni volti 400. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye fezi mbalimbali hujikuta zinagawana hizo 400, na nyumba moja inaweza kupata zaidi ya 300 wakati jirani anapata chini ya 150. Dalili yake ni taa kuwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida kwako huku za jirani zikififia, au feni kuvuma ovyo. Ukiona hivyo, zima meni swichi mara moja, kisha piga simu TANESCO. SPD haikuundwa kwa hatari hii. Msongo mkubwa unaodumu huweza kuiunguza yenyewe. Dawa yake ni kifaa kinachopima msongo na kukata.

*Ya tatu ni umeme mdogo, pamoja na kukatika na kurudi.* Friji au pampu ikilazimishwa kuwaka kwa volti 160, mota yake hupata joto na kuungua polepole. Umeme unaporudi baada ya kukatika, hasa baada ya hitilafu kubwa kama ile ya Gridi ya Taifa ya tarehe 1 Aprili 2024, mafriji na mapampu ya mtaa mzima huanza kwa pamoja, na dakika za mwanzo msongo huyumba. Dawa yake ni kuchelewesha: kifaa kisiwashwe mpaka umeme utulie.

Hatua ya kwanza: ardhi

Mwambie fundi akuonyeshe ethi rodi ya jengo lako. Kama hajui ilipo, umeshajua pa kuanzia.

Kazi ya waya wa ardhi ni kuupa mpando njia fupi na nyepesi ya kushuka chini kabla haujapita kwenye vifaa. Njia hiyo ikiwa nzito, mpando hutafuta nyingine. Uzito wake hupimwa kwa omu. Kwa jengo lenye vifaa vya mawasiliano au kizuia radi, lenga omu 10 au chini yake. Kipimo hicho huhitaji mashine maalumu ya kupimia ardhi. Mita ya kawaida ya mfukoni haiwezi kutoa jibu la kuaminika.

Hapa udongo wa Usukumani una maneno yake, na wakulima wanaujua kuliko vitabu. Kama nyumba yako imejengwa kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko karibu na mawe, maji hupita haraka na udongo hukauka. Ethi rodi fupi ya mita 1.2 inaweza kutoa omu nyingi mno kiangazi kikifika. Kama umejenga kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, hali ni nzuri mvua zikinyesha kwa sababu udongo huo hushika maji. Ila Agosti na Septemba hupasuka nyufa pana, na udongo wa juu huachana na rodi. Kwa hiyo mvua za kwanza za vuli, ambazo ndizo huja na radi, hukukuta ardhi ikiwa katika hali yake mbaya kabisa.

Fanya hivi:

1. Tumia ethi rodi ndefu, angalau mita 2.4, ipite tabaka linalokauka na kupasuka. Rodi ya chuma iliyovikwa shaba hudumu kuliko kipande cha nondo, ambacho huota kutu na kukatika bila wewe kujua.
2. Kama rodi moja haitoshi, ongeza ya pili na ya tatu, zikae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, kisha ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba. Kuzibana pamoja hakusaidii sana, kwani zinagombania udongo ule ule.
3. Desturi ya kujaza chumvi na mkaa kwenye shimo husaidia kwa muda, lakini chumvi huoshwa na mvua na hula chuma. Penye mwamba au mchanga, udongo wa bentonaiti hudumu zaidi.
4. Kiungo kati ya waya na rodi kikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko, ili kionekane na kukazwa. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufukiwa si kiungo.
5. Pima mwishoni mwa kiangazi. Kipimo cha Aprili kitakufariji bure.
6. Kagua kama waya wa shaba bado upo. Shaba huibwa, na jengo linaweza kukaa miaka bila ardhi huku wenyewe wakiamini wanayo.

Kwa nini ardhi iwe moja

Fikiria radi imepiga karibu, na sehemu yake, ampea 1,000 tu, imeshuka kwenye ethi rodi yako yenye omu 10. Zidisha: ni volti 10,000. Maana yake ni kwamba ardhi yako yenyewe, kwa kitambo hicho, imepanda volti 10,000 juu ya ardhi iliyo mbali. Kama kila kilichomo jengoni kimefungwa kwenye ardhi hiyo moja, vyote vitapanda na kushuka pamoja na hakuna kitakachoumia. Lakini kama dishi lina rodi yake upande wa pili wa nyumba, isiyounganishwa na rodi ya umeme, volti hizo zitatafuta njia kati ya ardhi mbili, na njia hiyo itapita ndani ya king'amuzi na runinga.

Kinga ya jengo ni kama zizi la ng'ombe: ukifunga mlango mmoja ukaacha wa pili wazi, hujafunga zizi. Watu wengi huweka kinga kwenye umeme na kusahau kebo ya dishi, kisha hushangaa kuona runinga imeungua huku soketi ikiwa salama.

Kwa hiyo usiongeze rodi mpya kwa kila kifaa kipya na kuiacha ijitegemee. Rodi zaweza kuwa nyingi, lakini zote ziunganishwe kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 16. Mabomba ya chuma ya maji, fremu za sola na nguzo ya antena viingizwe kwenye muungano huo. Tena, unapojenga au kukarabati, panga kebo zote ziingilie upande mmoja wa jengo, karibu na meni swichi. Ukiwaambia mafundi mapema, haikugharimu kitu. Ukichelewa, itakubidi ubomoe ukuta.

Hatua ya pili: SPD kwenye meni swichi

SPD ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya boksi pamoja na sakiti breka. Siku zote kimetulia, hakipitishi kitu. Msongo ukiruka kupita kiasi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde hufungua njia, humwaga nguvu ile ardhini, kisha hujifunga tena. Ndiyo maana bila ardhi nzuri hakina pa kumwaga.

Unapokwenda kununua, soma maandishi yaliyo juu yake:

- *Kiwango:* IEC 61643-11. Kisichotaja kiwango chochote, kiache.
- *Aina:* Aina ya 2 yatosha kwa nyumba au duka la kawaida. Kama jengo lina kizuia radi juu ya paa, au limesimama peke yake mbugani likiwa na laini ya nguzo, chukua kinachounganisha aina ya 1 na ya 2.
- *Uc*, msongo ambao kinauvumilia muda wote: usipungue volti 275. Mahali ambapo umeme huyumba sana, 320 au zaidi hudumu.
- *Up*, msongo unaopita hadi kwenye vifaa: kilovoti 1.5 au chini. Vifaa vya nyumbani vya kawaida hutengenezwa kuhimili takriban kilovoti 2.5, na vile vyepesi zaidi 1.5.
- *In*, nguvu ya kumwaga: kiloampea 20 ni chaguo zuri kwetu.

Jengo likiwa na ardhi yake yenyewe na kinga ya kukata umeme unaovuja, mwombe fundi aweke mpangilio wa 1+1 kwa fezi moja, au 3+1 kwa fezi tatu, na SPD itangulie mbele ya kinga hiyo.

Ufungaji ndio unaoharibiwa zaidi. Kila mita ya waya kati ya breka, SPD na ardhi huongeza takriban volti 1,000 wakati mpando unapita, hata kama waya ni mnene. Waya za kwenda na kutoka zikijumlishwa zisizidi sentimita 50. Ziende moja kwa moja, zisikunjwekunjwe wala kuzungushwa ili boksi lipendeze. Waya wa ardhi wa SPD ya aina ya 2 usipungue milimita za mraba 6, na wa aina ya 1 usipungue 16.

SPD huchoka. Kila mpando inaoumeza hula sehemu ya uhai wake. Nyingi zina kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu zikifa. Kiangalie kila mwezi, na baada ya kila dhoruba kubwa.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwombe akuonyeshe leseni yenyewe kabla hajafungua boksi. Mita ya LUKU na nyaya zinazoingia humo si zako wala si za fundi wako. Lakiri ya TANESCO isiguswe.

Hatua ya tatu: nyaya za mawasiliano

Hapa ndipo hasara nyingi za ofisi na shule hutokea, kwa sababu nyaya hizi hubeba umeme mdogo na watu huziona hazina hatari. Radi huziona kama waya mwingine wowote.

*Dishi na antena.* Usiziweke mahali pa juu kuliko vyote kama picha inapatikana chini kidogo. Nguzo yake iunganishwe na ardhi ya jengo. Pale kebo inapoingia jengoni, ifungwe kinga ya kebo ya dishi, ambayo waya wake wa ardhi uwe mfupi.

*Kebo ya mtandao kati ya majengo mawili.* Shule nyingi huvuta kebo kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi chumba cha kompyuta, hewani au chini ya ardhi. Kila jengo lina ardhi yake, na radi ikipiga karibu, ardhi hizo mbili hazipandi sawa. Tofauti yake hupita kwenye kebo na kuunguza swichi za pande zote mbili, pengine na kompyuta zilizounganishwa. Dawa bora ni kutumia faiba kati ya majengo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Ya pili kwa ubora ni kuunganisha kwa mawimbi ya redio. Kama huna budi kutumia shaba, weka kinga pande zote mbili. Ukiweka upande mmoja umelinda jengo moja tu.

*Faiba ya nyumbani.* Kioo ni salama, lakini baadhi ya kebo za faiba zina uzi wa chuma wa kuzitia nguvu. Uzi huo ukatwe nje au uunganishwe na ardhi. Nayo ruta bado inakula umeme wa soketi, kwa hiyo haijasalimika kwa kuwa tu intaneti yake ni ya faiba.

*Vifaa vya nje vinavyopata umeme kupitia kebo ya mtandao*, kama kamera za ulinzi na antena za intaneti juu ya mlingoti. Hivi vinahitaji kinga iliyotengenezwa kwa kebo inayobeba data na umeme pamoja, na tumia kebo yenye ganda la chuma, ganda hilo likifungwa ardhini.

Hatua ya nne: karibu na kifaa

SPD ya kwenye boksi huwa imepunguza mpando. Kinga ya pili hukaa karibu na kifaa chenyewe.

Kwa friji, tumia kile wenye maduka wanachokiita frijigadi. Hukata umeme ukishuka chini ya takriban volti 185 au ukipanda kupita takriban 260, na umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu, ili gesi ndani ya kompresa itulie. Kwa runinga ipo kama hiyo yenye kusubiri muda mfupi zaidi. Kwa jengo zima, kuna kifaa cha kupima msongo kinachofungwa kwenye boksi na kukata kila kitu. Hicho ndicho mkombozi wako nyutro ikikatika.

Friji ya chanjo ina hesabu yake. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na friji inayotumia umeme wa laini inahitaji stabilaiza iliyochaguliwa kwa ajili yake. Stabilaiza hurekebisha msongo; frijigadi hukata tu. Mahali ambapo umeme hushinda mdogo mchana kutwa, kukata kutwa nzima ni kuiharibu chanjo. Hivyo hivyo kwa matangi ya kupoza maziwa ya wafugaji wa Meatu na kwingineko.

Kompyuta za ofisi na seva ziwe na UPS, nayo ichomekwe kwenye soketi yenye ardhi. Ekstensheni za kinga zina msaada pale tu zilipo za kweli. Nyingi zina taa nyekundu inayowaka bila kinga yoyote ndani. Nunua dukani kwa risiti, tafuta alama ya ubora ya TBS, na hakikisha plagi ina pini tatu za kweli. Pini ya ardhi ikiwa ya plastiki, au ukichomeka kupitia adapta ya pini mbili, umeukata mguu ambao kinga yote imesimama juu yake.

Sola na jenereta

Paneli juu ya paa ni antena kubwa. Fremu zake zifungwe ardhini, na nyaya zake ziwekewe SPD ya umeme wa sola, iliyoandikwa kuwa ni ya mkondo mnyoofu (DC) na yenye msongo unaolingana na mfululizo wa paneli zako. SPD ya umeme wa laini haifai hapo na huweza kuwaka moto. Nyaya mbili za paneli zitembee zikiwa zimeshikana. Zikiachana, hufanya duara linalokusanya nguvu ya radi.

Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, na umeme wake usiingizwe kamwe kwa kuchomeka kwenye soketi. Kufanya hivyo huunguza vifaa umeme ukirudi, na huweza kumuua fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa.

Wingu likitanda

Kinga isiyo na gharama ni kuchomoa, lakini chomoa mapema. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio: kila sekunde 3 ni takriban kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi ipo ndani ya kilomita 10, na muda wa kuchomoa umepita. Usishike plagi wala kebo ya dishi. Kaa mbali na nyaya, mabomba na madirisha ya chuma, na subiri dakika 30 baada ya mlio wa mwisho. Unapochomoa mapema, chomoa pande zote: umeme, kebo ya dishi na kebo ya mtandao. Kuzima kwa rimoti au kwa swichi ya ukutani hakutoshi, kwa kuwa mpando wa radi huruka pengo dogo la swichi.

Tofautisha pia kulinda vifaa na kulinda watu. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, mkoani Geita, mvua ikinyesha. SPD haiwezi kuzuia msiba kama huo. Shule inahitaji kizuia radi kilichosanifiwa vizuri, na utaratibu wa kuwaweka watoto salama wingu linapokaribia. Lakini jua pia kwamba kizuia radi juu ya paa, bila SPD ndani, huiteremsha radi kwenye ardhi ya jengo huku vifaa vikiwa havina kinga. Viwili hivyo viende pamoja.

Kikiungua

Zima meni swichi kwanza. Kama kuna harufu au moshi, toka nje na upige 114, Zimamoto. Kisha uliza majirani: mmeunguliwa wote, au ni wewe peke yako? Mkiwa wengi, chanzo huenda kipo kwenye laini; ukiwa peke yako, anza na wayaringi yako. Toa taarifa TANESCO kwa namba 180 na uombe namba ya taarifa. Andika tarehe na saa, piga picha za vifaa na mita, tunza risiti, na usitupe kilichoungua mpaka kimekaguliwa. Usichomeke kifaa kipya mahali pale kabla fundi hajapima msongo na ardhi.

Ratiba ya mwaka

- *Agosti hadi Septemba:* pima ardhi, kaza viungo, badilisha SPD zilizokufa. Hii ndiyo kazi kubwa ya mwaka.
- *Oktoba hadi Desemba:* vuli. Angalia kidirisha cha SPD baada ya kila dhoruba.
- *Januari hadi Februari:* kagua nyaya za nje, dishi na milingoti. Tazama kama shaba haijaibwa.
- *Machi hadi Mei:* masika. Rudia ya vuli.
- *Juni hadi Julai:* msimu wa pamba umeshika kasi. Pima msongo saa za kazi za viwanda na mashine. Ukiona unayumba sana, toa taarifa.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu: ardhi kwanza, kisha SPD ya kwenye boksi, kisha kinga ya dishi na mtandao, kisha vya karibu na kifaa. Usianze na cha mwisho kwa sababu tu kinauzwa rahisi na kinaonekana.

Na kwa walio kwenye kamati za shule, za zahanati na za ofisi za kata: vifaa mnavyovitunza vimenunuliwa kwa jasho la watu, na mara nyingi kikiungua hakuna bajeti ya kingine. Mnapopanga kununua kompyuta au friji, wekeni kwenye bajeti hiyo hiyo fedha za ethi rodi, za SPD na za fundi wa kuja kupima kila mwisho wa kiangazi. Msipokee jengo jipya kutoka kwa mkandarasi bila karatasi yenye omu za ardhi iliyopimwa na tarehe ya kupima. Karatasi hiyo iwe kwenye faili, na kila mwaka iongezewe nyingine.